Jenga nafasi ya Urysohn: mwongozo wa nafasi ya metriki inayozibeba nyingine zote

Majira ya joto ya 1924, Pavel Urysohn alikuwa safarini Ulaya Magharibi pamoja na rafiki yake Pavel Alexandrov. Alikuwa akishughulikia swali la Maurice Fréchet: je, ipo nafasi moja ya metriki, isiyo kubwa kupita kiasi, ambayo nafasi nyingine zote za aina yake zinaweza kuingia ndani yake bila umbali wowote kubadilika? Akapata jibu. Tarehe 17 Agosti mwaka huo alizama baharini huko Batz, pwani ya Bretagne nchini Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 26. Alexandrov ndiye aliyeyatengeneza maandishi yaliyobaki. Tangazo fupi lilichapishwa 1925 na makala kamili ikatoka 1927.

Ujenzi huo unaweza kuufanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Hesabu zake ni za kujumlisha, kutoa na kulinganisha tu. Watu wengi hukutana na nafasi ya Urysohn kama jina kubwa katika semina ya topolojia, wakaiacha hapo wakidhani ni ya mabingwa peke yao. Mimi naona ni kinyume: ni mojawapo ya vitu vichache vya hesabu za juu ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni anaweza kuvijenga tangu msingi hadi paa. Siri yake haiko kwenye ukubwa. Iko kwenye tabia moja, nayo tutaifikia katika hatua ya kwanza kabisa.

Maneno tutakayoyatumia

Nafasi ya metriki ni seti ya nukta pamoja na umbali d kati ya kila nukta mbili. Umbali ni sufuri pale tu nukta zinapokuwa moja, kwenda ni sawa na kurudi, na kanuni ya pembetatu inatimia: d(x,z) haizidi d(x,y) + d(y,z). Wazo hili ni la Fréchet, katika tasnifu yake ya 1906.

Isometri ni njia ya kupeleka nukta za nafasi moja kwenye nyingine huku kila umbali ukibaki vilevile. Nikisema isometri ya nafasi nzima nina maana kwamba inaifunika yote, haiachi nukta hata moja.

Kiunzi cha nafasi ni seti ya nukta zinazoweza kuorodheshwa (ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea) ambayo ukisimama popote utapata nukta yake karibu nawe kadiri unavyotaka. Namba za sehemu kama 3/4 na 17/5 ni kiunzi cha mstari wa namba halisi. Nafasi ni kamili ikiwa kila mfuatano wa Cauchy, yaani mfuatano ambao nukta zake zinazidi kukaribiana zenyewe kwa zenyewe kadiri unavyotaka, una kikomo ndani yake. Fréchet alipouliza juu ya nafasi isiyo kubwa kupita kiasi, alimaanisha yenye kiunzi.

Hatua ya 1: kagua orodha ya mgeni

Chukua nukta tatu a, b na c zenye umbali d(a,b) = 4, d(b,c) = 5 na d(a,c) = 6. Hao ni wenyeji. Sasa anakuja mgeni. Hasemi yeye ni nani. Anatoa tu orodha ya umbali wake kwa kila mwenyeji: f(a), f(b), f(c). Kazi yako ni kuamua kama mgeni huyo anaweza kuwepo bila kuvunja kanuni ya pembetatu.

Kwa kila wenyeji wawili x na y kuna ukaguzi mmoja wenye pande mbili:

tofauti ya f(x) na f(y) ≤ d(x,y) ≤ f(x) + f(y)

Upande wa kushoto unazuia mgeni kuwa karibu na mwenyeji mmoja na mbali mno na jirani yake. Upande wa kulia unazuia njia ya mkato: kupita kwa mgeni kusiwe kufupi kuliko kwenda moja kwa moja. Orodha inayopita nitaiita halali. Vitabuni inaitwa funkisheni ya Katětov, kwa heshima ya Miroslav Katětov wa Prague aliyezifanya orodha hizi kuwa chombo kikuu cha ujenzi katika miaka ya 1980.

Jaribu orodha f = (2, 3, 4.5). Kwa a na b: tofauti 1, umbali 4, jumla 5. Imepita. Kwa b na c: 1.5, kisha 5, kisha 7.5. Imepita. Kwa a na c: 2.5, kisha 6, kisha 6.5. Imepita. Mgeni huyu anakubalika. Orodha inayoanza na (1, 2, …) inakataliwa papo hapo, kwa sababu 1 + 2 ni pungufu ya 4. Inayoanza na (1, 6, …) nayo inakataliwa, kwa sababu tofauti ni 5 nayo inazidi 4. Fanya mifano kadhaa yako mwenyewe kabla ya kusonga mbele, hadi macho yazoee. Kila kitu kinachofuata ni ukaguzi huu huu.

Sasa tunaweza kuitaja tabia niliyoiahidi. Nafasi ina tabia ya kupokea ikiwa, kwa kila kikundi chenye idadi ya mwisho ya nukta zake na kila orodha halali juu ya kikundi hicho, ipo tayari ndani ya nafasi nukta yenye umbali huo hasa. Yaani mgeni yeyote anayeweza kuwepo, yupo. Nafasi ya Urysohn, ambayo huandikwa U, ni nafasi kamili yenye kiunzi na yenye tabia ya kupokea. Hakuna sharti jingine.

Kwa nini tusitumie nafasi zilizopo

Kabla ya kujenga, inafaa ujue kwa nini nafasi unazozijua hazitoshi. Anza na nafasi za Euclid. Weka wenyeji watatu, kila wawili wakiwa umbali wa 2, kisha mgeni mwenye orodha (1, 1, 1). Ukaguzi: tofauti 0, umbali 2, jumla 2. Ni halali. Lakini katika nafasi ya Euclid, ya vipimo viwili, vitatu au hata visivyo na mwisho, nukta iliyo umbali wa 1 kutoka a na 1 kutoka b, na a na b wako umbali wa 2, lazima iwe katikati yao hasa, na katikati hiyo ni moja. Mgeni wetu angepaswa kuwa katikati ya a na b, katikati ya b na c, na katikati ya a na c kwa wakati mmoja. Haiwezekani. Nukta nne tu, na Euclid ameshashindwa.

Fréchet mwenyewe alikuwa na njia nyingine tangu 1910. Chukua nafasi yenye kiunzi x₀, x₁, x₂, …, na mpe kila x mfuatano wa namba d(x,xₙ) − d(xₙ,x₀). Pima umbali wa mifuatano miwili kwa tofauti yao kubwa kabisa, na utaona umbali wote umehifadhiwa. Kwa hiyo nafasi ya mifuatano yote yenye mipaka, ℓ∞, inazibeba zote. Tatizo ni kwamba yenyewe haina kiunzi: mifuatano ya 0 na 1 peke yake ni mingi kupita orodha yoyote, na kila miwili iko umbali wa 1.

Mfano wa tatu ndio unaofundisha zaidi. Banach na Mazur walionyesha kwamba C[0,1], nafasi ya funkisheni zote endelevu juu ya sehemu ya 0 hadi 1, inatosha kuzibeba zote, nayo ina kiunzi na ni kamili. Sasa kwa nini tusiishie hapo? Angalia jozi mbili ndani yake. Jozi ya kwanza ni funkisheni inayobaki −1 daima na ile inayobaki 1 daima. Umbali wao ni 2. Jozi ya pili ni −x na x. Umbali wao nao ni 2, kwa kuwa wanaachana zaidi pale x inapokuwa 1. Tafuta nukta zilizo umbali wa 1 kutoka kwa wote wawili. Kwa jozi ya kwanza ni moja tu, funkisheni ya sufuri. Kwa jozi ya pili ni nyingi mno: funkisheni yoyote isiyopita kati ya −(1−x) na 1−x inafaa. Isometri ya nafasi nzima ingelazimika kupeleka nukta za katikati kwenye nukta za katikati, kwa hiyo hakuna isometri inayoipeleka jozi ya kwanza kwenye ya pili. C[0,1] inabeba kila mtu, lakini haiwatendei wote sawa. Ukubwa tunao, usawa hatuna.

Hatua ya 2: panua orodha hadi kwa wenyeji wote

Mgeni anaweza kutoa orodha kwa wenyeji wachache tu, na wengine akawaacha. Kabla hujampa nafasi lazima ujue umbali wake kwa wote. Fomula ni hii: kwa mwenyeji z asiyetajwa, chukua f(y) + d(y,z) kwa kila y aliyetajwa, kisha chagua ndogo kuliko zote.

Kwa wenyeji wetu wa 4, 5 na 6, tuseme mgeni ametaja f(a) = 2 na f(b) = 3 tu. Kupitia a, c yuko 2 + 6 = 8. Kupitia b, yuko 3 + 5 = 8. Basi f(c) = 8. Unamweka mgeni mbali na c kadiri kanuni inavyoruhusu. Orodha iliyopanuliwa hivi ni halali daima. Ukaguzi wa pande mbili utaufanya mwenyewe kwa mistari michache, ukitumia kanuni ya pembetatu peke yake.

Zingatia jambo moja litakalotufaa: ikiwa umbali wote ni namba za sehemu na orodha ni ya namba za sehemu, matokeo nayo ni namba za sehemu.

Hatua ya 3: wageni wawili kwa pamoja

Turudi kwa f = (2, 3, 4.5), na aje mgeni wa pili g = (5, 2, 3.5). Hakikisha ni halali. Wawili hao wawekwe umbali gani wao kwa wao? Kila mwenyeji anaweka mpaka. Kwa a: tofauti ya 2 na 5 ni 3, kwa hiyo umbali usipungue 3, jumla ni 7, usizidi 7. Kwa b: kati ya 1 na 5. Kwa c: kati ya 1 na 8. Ukiviunganisha, umbali wowote kuanzia 3 hadi 5 unakubalika.

Katětov alichagua mwisho wa chini: umbali wa orodha mbili ni tofauti yao kubwa kabisa, hapa 3. Uchaguzi huu una uzuri wake. Kila mwenyeji x ana orodha yake mwenyewe, yaani umbali wake kwa wenzake, na kwa kipimo hiki umbali kati ya orodha za wenyeji wawili unabaki d(x,y), na umbali kati ya orodha ya mgeni f na ya mwenyeji x unatoka f(x) hasa. Orodha zote halali za nafasi X zinakuwa nafasi mpya ya metriki, E(X), na X yenyewe imekaa ndani yake bila kuguswa.

Hatua ya 4: jenga kiunzi

Anza na nukta moja. Tengeneza jedwali la kazi, na kila kazi iwe kikundi cha wenyeji wenye idadi ya mwisho pamoja na orodha halali ya namba za sehemu juu ya kikundi hicho. Kwa kuwa namba za sehemu zinaweza kuorodheshwa, kazi za kila kikundi nazo zinaweza kuorodheshwa. Kila mwenyeji mpya analeta kazi mpya; ziandike kwenye mstari wake wa jedwali, kisha ufanye kazi kwa kupita jedwali kimshazari ili hakuna kazi itakayosubiri milele. Ukifika kwenye kazi, tazama kama mgeni anayetakiwa yupo tayari. Kama yupo, endelea. Kama hayupo, panua orodha yake kwa Hatua ya 2 na umwongeze.

Muungano wa yote ni nafasi inayoweza kuorodheshwa, yenye umbali wa namba za sehemu, inayompokea kila mgeni mwenye orodha ya namba za sehemu. Tuiite Q. Kizuizi cha namba za sehemu si cha mapambo. Ukiruhusu namba halisi zote tangu mwanzo, kazi zinakuwa nyingi kuliko orodha yoyote, na kiunzi kinapotea.

Hatua ya 5: kamilisha, lakini kwa uangalifu

Sasa ongeza vikomo vya mifuatano yote ya Cauchy ya Q. Nafasi inayopatikana ni kamili na Q ni kiunzi chake. Hapa ndipo wengi huandika "na hiyo ndiyo U" wakaweka kalamu chini. Bado. Nukta mpya zilizoingia kama vikomo ni wenyeji pia, na orodha juu yao zina namba halisi. Nani amesema wageni wao wanapokelewa? Nafasi inaweza kuwa na tabia nzuri kisha ikaipoteza inapokamilishwa, kwa hiyo jambo hili linadai uthibitisho. Ni moyo wa ujenzi wote, tulifanye polepole.

Kwanza, kupokea kwa kukaribia. Tuna wenyeji x₁ hadi xₙ wa nafasi iliyokamilishwa na orodha halali f yenye namba zilizo juu ya sufuri. Badilisha kila xᵢ kwa nukta ya Q iliyo karibu naye sana, na kila f(xᵢ) kwa namba ya sehemu iliyo karibu nayo. Orodha mpya huenda isiwe halali. Makosa madogo yameingia. Yarekebishe kwa mapigo mawili. Pigo la kwanza: kwa kila nukta weka ndogo kuliko zote kati ya jumla za namna ya Hatua ya 2, ukihesabu na thamani ya nukta yenyewe, hilo linaponya upande wa tofauti. Pigo la pili: ongeza namba moja ndogo ya sehemu kwenye thamani zote. Tofauti hazibadiliki, jumla zinapanda, na upande wa kulia unapona. Orodha sasa ni halali na ni ya namba za sehemu, kwa hiyo Q ina mgeni wake. Umbali wake kwa x₁ hadi xₙ unatofautiana na f kwa kosa dogo, na kosa hilo unalichagua utakavyo.

Pili, toka kwenye kukaribia uende kwenye usahihi. Usichague tu wakaribiaji y₁, y₂, y₃ kiholela, kwa sababu hakuna kinachowafanya wakaribiane wao kwa wao. Ukishampata yₖ mwenye kosa lisilozidi 1/2ᵏ, mwingize kwenye kikundi cha wenyeji, na umpe mgeni anayefuata sharti la ziada: umbali wake kwa yₖ uwe sawa na kosa la yₖ, yaani tofauti kubwa kabisa kati ya d(yₖ,xᵢ) na f(xᵢ). Ukitazama vizuri, huo ndio umbali wa Katětov kati ya orodha mbili, uliotoka Hatua ya 3, ndiyo maana orodha iliyoongezwa inabaki halali. (Kosa likiwa sufuri, yₖ ndiye mgeni mwenyewe na kazi imeisha.) Sasa mchague yₖ₊₁ mwenye kosa lisilozidi 1/2ᵏ⁺¹ kwa orodha hiyo ndefu zaidi. Umbali kati ya yₖ na yₖ₊₁ hauzidi 1/2ᵏ + 1/2ᵏ⁺¹. Mfuatano ni wa Cauchy, nafasi ni kamili, kikomo kipo, na umbali wa kikomo kwa kila xᵢ ni f(xᵢ) kamili.

Sasa weka kalamu chini. Hiyo ndiyo U.

Hatua ya 6: ingiza nafasi yoyote

Chukua nafasi X yenye kiunzi x₁, x₂, x₃, … Mweke x₁ popote ndani ya U. Kwa x₂, umbali d(x₁,x₂) ni orodha halali juu ya nukta moja, U inampokea. Kwa x₃ orodha ni ya nukta mbili, na inaendelea hivyo. Kiunzi kikishaingia chote, nukta nyingine za X zinafuata kama vikomo. Kazi imekwisha: mstari, tufe, C[0,1] yenyewe, zote zimo humo.

Je, ungepata U tofauti na yangu kama jedwali lako la kazi lingepangwa vingine? Hapana. Chukua nafasi mbili U na V, zote kamili, zenye viunzi na zenye tabia ya kupokea. Katika zamu za witiri chukua nukta inayofuata ya kiunzi cha U na umtafutie mwenzake katika V. Katika zamu za shufwa chukua nukta ya kiunzi cha V na umtafutie mwenzake katika U. Usiruke zamu za kurudi. Ukienda upande mmoja tu utapata nakala ya U ndani ya V, lakini huenda nakala hiyo isiifunike V yote. Kwenda na kurudi ndiko kunakohakikisha kwamba viunzi vyote viwili vimefunikwa, na vikomo vinamaliza.

Hatua ya 7: zisogeze isometri

Utaratibu huohuo, ukiuanzisha na V = U na ukiwa tayari na jozi chache zilizopangwa, unatoa matokeo ambayo kwangu ndiyo kilele: isometri yoyote kati ya vikundi viwili vya U vyenye idadi ya mwisho ya nukta inapanuka kuwa isometri ya U nzima. Kile kilichoishinda C[0,1] kwa nukta mbili tu, U inakifanya kwa idadi yoyote ya mwisho.

Ona maana yake kwa mfano. Chukua a na b walio umbali wa 2. Mgeni wa (1, 1) ni nukta ya katikati. Mgeni wa pili mwenye orodha hiyohiyo (1, 1) anaweza kuwekwa umbali wowote kutoka kwa wa kwanza, kuanzia 0 hadi 2. Ukaguzi wa Hatua ya 3 unakuambia hivyo. Kwa hiyo a na b wana katikati nyingi, m na m′ na nyingine zisizo na idadi. Kikundi a, b, m na kikundi a, b, m′ vina umbali uleule, basi ipo isometri ya U inayowaacha a na b mahali pao na kumpeleka m kwa m′. Katika nafasi ya Euclid isometri inayowaacha a na b lazima imwache na katikati yao. Anayeingia U na picha ya rula kichwani atapotea mapema.

Mpaka wa uwezo huu nao unafaa kujulikana. Mwaka 1955 Huhunaišvili alithibitisha kwamba isometri kati ya vikundi vya kompakti ndani ya U (ambavyo kila mfuatano ndani yake una sehemu inayokaribia kikomo kilicho humohumo) nazo zinapanuka. Lakini kwa vikundi vyovyote tu, hapana. Chukua U, iongezee nukta moja ya nje, kisha ingiza hiyo yote ndani ya U kwa Hatua ya 6. Ile U ya awali sasa ni nakala iliyo ndani ya U bila kuifunika yote. Isometri kutoka U kwenda kwenye nakala hiyo haina pa kupanukia, kwa sababu imeshatumia nukta zote za upande mmoja na bado imeacha nukta upande wa pili.

Hatua ya 8: panda mnara pamoja na kundi

Njia ya Katětov inatoa kitu ambacho jedwali la Hatua ya 4 halitoi. Kila isometri ya X inasogeza orodha pia, kwa hiyo inapanda hadi E(X) yenyewe, bila wewe kuchagua chochote. Fanya hesabu. Wenyeji watatu, kila wawili umbali wa 2, na mzunguko unaopeleka a kwa b, b kwa c, c kwa a. Mgeni (1, 1.5, 2) anapelekwa kwa mgeni (2, 1, 1.5), na umbali aliosogea ni tofauti kubwa kabisa, yaani 1. Mgeni (1, 1, 1) hasogei kabisa. Mzunguko ambao haukuacha mwenyeji yeyote mahali pake umepata nukta tulivu ghorofa ya juu.

Rudia: X, kisha orodha za X, kisha orodha za orodha, na kamilisha muungano. Tahadhari moja ni ya lazima. X ikiwa na nukta zisizo na mwisho, E(X) yote inaweza kukosa kiunzi. Mfano: wenyeji wasio na mwisho, kila wawili umbali wa 1. Orodha yoyote ya 1 na 2 ni halali, na orodha mbili tofauti ziko umbali wa 1, kwa hiyo tumerudi kwenye ugonjwa wa ℓ∞. Dawa ni kuchukua tu orodha zinazotokana na wenyeji wachache kwa fomula ya Hatua ya 2. Hizo zina kiunzi, na isometri bado zinazisogeza zenyewe kwa zenyewe.

Kwa mnara huu Vladimir Uspenskij alithibitisha mwaka 1990 kwamba kundi la isometri zote za U, Iso(U), ambamo kuzidisha ni kufanya isometri moja baada ya nyingine, linabeba kila kundi la kitopolojia (ambalo kuzidisha na kugeuza ni endelevu) la Hausdorff lenye msingi unaoweza kuorodheshwa. Hoja yake sasa unaiweza: kundi kama hilo lina metriki isiyobadilika ukizidisha kutoka kushoto, kwa hiyo linajisogeza lenyewe kwa isometri, liweke kama X chini ya mnara na lipande. Mwaka 2002 Vladimir Pestov alionyesha kwamba kila mara Iso(U) inapoisogeza nafasi ya kompakti kwa namna endelevu, kuna nukta isiyosogea. Na mwaka 2004 Uspenskij huyohuyo alithibitisha kwamba, ukisahau umbali ukabakiza topolojia peke yake, yaani nini kinakaribia nini, U haitofautiani na nafasi ya Hilbert ℓ², ile nafasi ya Euclid ya vipimo visivyo na mwisho. Euclid tuliyemkataa kwa nukta nne anarudi kwa mlango wa topolojia.

Ukitaka toleo lenye mpaka

Kazi nyingi zinahitaji U ambayo umbali hauzidi 1. Ujenzi ni uleule, kwa orodha zisizo na thamani inayozidi 1, isipokuwa fomula ya Hatua ya 2 huenda ikatoa namba kubwa mno. Ikizidi 1, iandike 1. Kagua kwamba hujaharibu kitu: tofauti za thamani zilizokatwa haziongezeki, na upande wa kulia uko salama, kwa sababu mara f(x) inapokuwa 1, f(x) + f(y) tayari haiwezi kupungua 1, na hakuna umbali unaozidi hapo. Hatua ya 5 nayo inahitaji mkato huohuo baada ya pigo la pili. Zilizobaki zote zifuate kama zilivyo.